Pete mliyoikata, na simu mliyonicheka

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Salaam. Naandika kwa heshima, ingawa tangu Jumamosi usiku heshima hiyo naishika kwa nguvu.

Kwenye king'amuzi chenu mlituonesha filamu ya Match Point ya 2005, ile ya mwalimu wa tenisi wa London aliyeoa kwa matajiri huku akitembea na Nola, aliyekuwa mchumba wa shemeji yake. Mwanzoni mpira unagonga neti na kuganda hewani: ukiangukia ng'ambo umeshinda, ukirudi umeshindwa. Mwishoni mwalimu anatupa Mto Thames vito vya bibi kizee, jirani wa Nola, ambaye naye amemuua. Pete inagonga ukingo wa chuma, inaruka juu, na hapohapo mkaweka tangazo la kubeti! Mliporudi, tuko kwa polisi.

Nikapiga simu. Kijana wenu akanijibu: "Mama, kwani pete ni yako?" Akacheka, na wenzake nyuma wakacheka.

Filamu yenyewe imenikera pia, sifichi. Mke anahangaika na hospitali kutafuta mimba, hawara imemwingia bila kuitafuta, na anayeuawa ni hawara. Muuaji anabaki na mke, mtoto na kazi nzuri. Iliniuma. Lakini imetengenezwa kwa ustadi: pete ikirudi upande wa barabara unadhani amekwisha, kumbe ndiyo inayomwokoa, maana polisi wanaikuta kwa mtu mwingine. Hilo nililijua kesho yake kwa kuhadithiwa na jirani. Nililipia kifurushi nihadithiwe?

Tena, kabla ya kunijibu aliniweka dakika kumi na moja nasikiliza muziki. Simu ilikuwa spika, wifi zangu wawili wamekaa kwenye mkeka. "Mama, kwani pete ni yako?" Mwanamke mtu mzima, nimeuliza kwa adabu, nachekwa na ofisi nzima mbele ya mawifi. Mpaka leo wakiniona wananiuliza habari za pete.

Nilitaka muirudie filamu bila kuikata, basi. Sasa nataka na fedha ya kifurushi cha mwezi huu. Na kijana huyo anipigie mwenyewe kuomba radhi, simu ikiwa spika vilevile, mawifi wakiwepo.

Nawapa siku saba. Zikipita, barua hii inakwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na king'amuzi chenu nakirudisha dukani mwenyewe, na majirani niliowashawishi wajiunge nitawaambia nao wakirudishe. Simu mnasema wenyewe mnazirekodi. Isikilizeni.

Mteja wenu wa miaka sita,
Temeke, Dar es Salaam