Barua kwa Mwanaidi: mama hataki mnara

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. U hali gani, watoto wazima, na yule mgonjwa wenu keshatoka? Sie huku Ngamiani hatujambo, joto tu na umeme unakwenda unarudi. Najua nna deni lako, ile voisi yako ya tangu Idi sijaijibu mpaka leo, wallahi si kiburi, kila nikiifungua nakuta umeanza na lawama basi nguvu zinanishia naifunga tena. Leo nimeamua nikuandikie kabisa, kwanza maneno yenyewe mengi, pili mama yuko hapo barazani na masikio yake mazima kuliko magoti, nikisema kwa mdomo atasikia yote.

Tunakuja huko Dubai shoga. Mie na mama, inshallah Januari, turudi kabla ya mfungo. Usipige kelele kwanza, soma mpaka mwisho maana nna shida na wewe.

Si unamjua kaka Salim na maneno yake, mama asafiri mama asafiri kabla hajachoka zaidi. Basi mwaka huu kauza kile kiwanja cha Pongwe (ndio, kile kile, usiniulize kauza kwa nani) akampigia mama akamwambia Umra ulishakwenda na marehemu mzee, sasa chagua pahala pa kutembea tu, kustarehe. Mama akasema Dubai. Tukatazamana! Mama huyu ambaye Dar hataki kulala siku mbili? Mie nkajua ni zile picha unazomrushia Zuhura, majengo na mataa na yale maji yanayocheza muziki, nkasema haya, kumbe na bi mkubwa anatamani.

Unanijua nikishika kitu. Nkanunua daftari, nkapanga siku tano. Siku ya kwanza ule mnara wa Burj Khalifa ghorofa ya 124, ya pili lile duka kubwa lenye papa wanaogelea nyuma ya kioo, ya tatu jangwani kwenye magari yanayoruka matuta ya mchanga (hili nlilifuta mwenyewe, mgongo wa mama ungebaki hukohuko), akae na ngamia tu apige picha, maana kazaliwa Ngamiani na ngamia mwenyewe hajawahi kumuona kwa macho. Salim kazi yake ikawa kubishania mwezi. Anataka Julai, ati hoteli bei zinashuka. Nkamwambia zinashuka kwa sababu! Julai huko inapita digrii 40 na usiku haupoi, mama na presha yake unataka kumkausha kama ng'onda? Ananiambia mama mtu wa pwani kazoea joto. Joto la Tanga lina upepo na lina mwembe bwana. Tukampelekea mama aamue, akasema joto nalijua. Basi nkatumia ujanja, nkamwambia Januari usiku kuna kibaridi kama cha Soni, utavaa sweta. Akakubali palepale, maana lile sweta lake la zambarau tangu alinunue Lushoto hajapata pa kulivalia.

Pasipoti ndo ilitutoa jasho. Cheti cha kuzaliwa hana, tukahangaika na viapo huko, hiyo nakuruka. Ila siku ya alama za vidole nlicheka mpaka nkaona haya. Kijana wa mashine anamwambia bibi weka kidole, mama kaweka, mashine kimya. Futa, weka tena, kimya. Akampa kitambaa, akampa mafuta, wapi. Vidole vya mama vimesuguka vimekuwa laini kama upawa wa zamani, miaka hamsini ya kusuka ukili na kukuna nazi, mstari haupo. Kijana akauliza, bibi wewe ulikuwa unafanya kazi gani? Mama akamjibu, "Ya kulea watu kama wewe." Mwisho kidole gumba cha kushoto ndo kikakubali, tumekaa pale toka saa tatu mpaka adhuhuri.

Halafu dawa. Hapa niskilize vizuri na uwaambie na wengine wanaokuja huko na wazee wao. Vidonge vya magoti alivyoandikiwa mama vina tramadol, nami nlikuwa nshaviweka kwenye mkoba kabisa. Kumbe huko tramadol na zile zenye codeine ni dawa za kudhibitiwa, huingii nazo hivihivi, lazima uombe kibali cha wizara yao ya afya kabla hujasafiri na uwe na karatasi ya daktari. Fikiria, bi mkubwa na hijabu yake anazuiwa eapoti kwa madawa! Nkarudi kwa daktari kambadilishia, sasa anatumia paracetamol na kusuguliwa, analalamika ati hazimfiki. Za presha hazina neno, tutabeba na cheti.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie.

Juzi baada ya isha nkamsomea daftari lote, siku moja moja, nikijisikia hasa. Yeye anasuka tu. Nlipomaliza akauliza, "Huo mnara una urefu gani?" Nkamwambia mita 828, hakuna jengo refu kuliko hilo duniani, umefunguliwa 2010, lifti inakufikisha juu kama dakika moja. Akauliza, na Lushoto? Nkaangalia kwenye simu, Lushoto iko kama mita 1,400 kutoka baharini. "Basi mie nshalala juu zaidi ya hapo, na sikulipa kiingilio, na viazi nkarudi navyo."

Nkacheka. Yeye hakucheka. Akakata ukili kwa meno akasema, "Mie nataka nikaone boriti za baba zilikofika."

Mwanaidi sikuelewa. Nlidhani kachanganya maneno, nkaogopa hata, unajua wazee. Kumbe sie ndo hatukuwahi kumuuliza. Babu mzaa mama, yule wa ile picha ya kofia kiwima, ujanani alikuwa akishuka Rufiji, Simba Uranga huko, kukata mikoko. Majahazi ya Waarabu yanakuja na kaskazi yameleta tende na chumvi na papa, yanangoja, kusi ikivuma yanarudi yamejaa boriti mpaka juu, maana kwao huko mti wa kuezekea hawana, dari za nyumba zao zote ni mikoko ya kwetu. Ndo kazi aliyofanya, kukata na kupakia. Mama anasema bega la kulia la babu lilikuwa na sugu nene kama kisigino, akibebwa mgongoni alikuwa akilishika pale asianguke, na lilinuka magome ya mkoko na sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka jahazi, hata babu akiwa katoka kuoga. Na alikuwa akiwatania watoto, nyumba za Dubai zimenilalia begani. Mama alikuwa na miaka kama saba, akasadiki kabisa, kila babu akirudi anamuangalia bega kama kuna nyumba.

Kwa hiyo hakuchagua Dubai kwa zile picha za Zuhura. Miaka yote ile tunampikia chai tunamuuliza anataka nini anasema sitaki kitu, kumbe kitu alikuwa nacho.

Usiku ule nkakesha na simu mpaka saa nane. Kumbe zipo shoga. Kuna mtaa wa zamani unaitwa Al Fahidi, zamani Bastakiya, nyumba za matajiri waliotoka Uajemi, zina ile minara ya kunasa upepo ushuke vyumbani, na mbele kidogo mdomoni mwa khori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, kuna Al Shindagha, pale kuna nyumba ya Sheikh Saeed Al Maktoum imejengwa 1896 sasa ni makumbusho. Nkavuta picha nione ndani, dari boriti tupu, zimepangwa zimenyooka! Wenyewe wanaziita chandal. Na vyumba vyembamba virefu, kwa sababu chumba hakiwezi kupita urefu wa boriti, kama nyumba ya bibi Pangani vilevile, ule ukumbi ambao harusini kwa Zuhura tulikuwa tukipishana ubavu ubavu na sinia la pilau. Nliangalia dari lile mpaka macho yakauma. Wewe huko unakaa miaka mingapi, tisa? Ulishawahi kuingia? Au ni soko la Naif na kago, kago na Naif?

Basi daftari nimelichana, nimeanza upya. Ila ndo magoti sasa. Mama anatembea toka hapa mpaka msikitini, anapumzika kwenye baraza ya fundi cherehani, hapo basi. Kiti cha magurudumu hataki kusikia, nlipolitaja akaniambia nisubiri akifa nimbebe kwa jeneza. Na amesikia (Zuhura tena!) kuwa toka upande wenu wa Deira unavuka khori kwa abra, vile vimashua vya kuvushia watu, dirham moja tu, basi keshaamua atavuka kwa abra, si daraja wala treni. Mie nimeangalia zile abra kwenye video, watu wanakaa kwenye benchi la katikati miguu nje nje, pembeni wazi hakuna pa kushika, na pale pa kushukia toka gatini mpaka ndani ya chombo kuna hatua, maji yakitoka si inakuwa mbali zaidi? Mtu wa Pangani namwambiaje asipande chombo. Nimepanga akiba, tukishindwa tunachukua metro mstari wa kijani mpaka Al Ghubaiba, kuna behewa la wanawake, naambiwa kila kituo kina lifti. Lakini najua nitashindwa mie si yeye.

Kuna jingine linanikosesha usingizi na kwa mama sijalisema. Nimesoma nyumba nyingi pale zimekarabatiwa, nyingine zilikuwa zimebomoka zikainuliwa upya. Sasa kama boriti zenyewe ni mpya? Kama ni saruji imepakwa rangi ya mti? Wewe na mie tungepiga picha tukaondoka. Mama atagusa. Atanusa hata, mbele za watu, namjua. Nikimtoa Tanga saa sita za basi mpaka Dar, halafu ndege saa tano na nusu (ona ajabu, basi linashinda ndege), nimfikishe chini ya dari la uongo, si bora ningemuacha na picha yake kichwani?

Salim nlipomwambia habari ya boriti akanyamaza kwenye simu muda mrefu, nkadhani hela imekatika. Af akasema Januari basi, na hoteli atalipa yeye karibu na hapo. Kumbe na yeye hakujua. Mkubwa wa nyumba nzima!

Na nisikufiche, mnara mie nautaka. Mchana mmoja utakaa na mama umpikie, mie nipande nijirushe nipige picha za kumtia Zuhura wivu. Hilo usimwambie.

Sasa shida yangu kwako. Ijumaa ukiwa huna kazi nenda Shindagha na Al Fahidi kwa miguu yako, lakini tembea kama mzee, pole pole, uniambie kila baada ya hatua ngapi kuna pa kukaa. Njia ni ya mawe au laini? Vivuli vipo? Vyoo ni vya kukaa? Kuchuchumaa mama hawezi tena. Ile abra, hatua ya kushukia ndefu kiasi gani, na vijana wa pale wanamshika mtu mkono au wanapiga kelele tu? Mlinzi atamwacha mtu aguse ukuta, na dari liko juu sana au mtu mrefu kama Salim angelifikia? Chakula je, pweza anapatikana au nimbebee mama mkavu wa kwetu, na nikiubeba nitasumbuliwa? Na wewe nikuletee nini, usiseme hakuna, machungwa ya Muheza sikuletei yataoza njiani lakini ukili mama keshakuwekea mkeka, rangi kachagua mwenyewe usilalamike.

Picha nitumie za dari, si za kwako umesimama na miwani. Upige karibu, pale boriti inapoingia ukutani, nione kama ni mti.

Na hili ni la mama mwenyewe, kaniita sasa hivi hapa barazani kaniambia niandike hivihivi (nlikwambia anasikia). Anasema babu alizihesabu kwa korja, ishirini ishirini, na alikuwa akiwafundisha kuzitaja toka nyembamba mpaka nene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kwa hiyo ukiingia ile nyumba ya Sheikh, simama chumba kimoja kikubwa, hesabu za juu zote usiruke hata moja, uje umwambie zimefika korja ngapi.

Mie shoga yako wa Barabara ya Kumi na Nne