Zawadi za Idi za watoto wetu

Asalaam alaykum mama na dada zangu. Mchango wa zawadi umetimia, Mungu awalipe. Kesho tunaingia maduka ya Langoni hapa Lamu, lakini kwanza tuelewane.

Vigari na visimu vya kuimba sinunui, hata viwe rahisi vipi, mpaka nione kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Zile betri ndogo bapa, za duara kama shilingi, mtoto akimeza ikakwama kooni huunguza nyama ndani ya saa 2. Likitokea, Mungu apishe mbali, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali ya King Fahd hapo hapo. Vijisumaku navyo hapana: viwili vikifika tumboni huvutana na kutoboa utumbo.

Kwa walio chini ya miaka 3, kinachopenya kwenye kibomba cha katikati cha karatasi ya chooni ni kidogo mno kwao. Rangi ikibanduka kwa ukucha, rudisha dukani. (Na bastola za risasi za plastiki, jamani, mwaka huu tupumzike macho.)

Mimi naona mipira na kalamu za rangi zatosha. Anayemjua fundi wa vijahazi vya mbao visivyopakwa rangi, anitumie bei kabla ya Isha.