Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2012: Timu Yetu Baada ya Ichiro

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Nawasalimu nyote. Hesabu za chama zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma mwenyewe mkutanoni, kwa hiyo sitazigusa. Michango ya rambirambi ilifika kwa waliofiwa, na safari zetu za uwanjani zilifanyika kama tulivyopanga, isipokuwa ile ya Septemba. Mengine madogo madogo yamo kwenye waraka wa katibu.

Taarifa hii nataka niitumie kwa jambo moja. Chama chetu ni cha mashabiki wa Seattle Mariners, timu ya besiboli, na mwaka huu timu yetu iliachana na mtu aliyewafanya wengi wetu kuwa mashabiki. Tarehe 23 Julai, Ichiro Suzuki alihamishiwa New York Yankees baada ya misimu 11 na nusu. Tangu siku hiyo hatujakaa kikao ambacho jina lake halikutajwa, na mara mbili tuliondoka ukumbini bila kuagana vizuri. Nadhani ni wajibu wa mwenyekiti kusema anasimama wapi. Mimi nasema ilikuwa sawa aondoke. Nasema pia kwamba kuondoka kwake kutakuwa hasara tupu kama klabu haitakuwa na ujasiri wa kuwaachia uwanja vijana waliopo.

Nianze na deni tulilo nalo kwake. Wengi wetu tulifika miji hii ya jirani na Seattle, Tukwila, Kent na SeaTac, tukijua soka, na wachache kriketi. Besiboli ilikuwa mchezo wa watu kusimama na kutemea mate chini. Halafu tukamwona huyu bwana mwembamba aliyetoka Japani akiwa na miaka 27, anayezungumza na waandishi kupitia mkalimani, ambaye hakutegemea kupiga mpira utoke nje ya uwanja. Yeye aliuchokoza tu, ukadunda kati ya walinzi, na kabla hawajauokota amekwisha kufika besi ya kwanza, kituo cha kwanza cha mkimbiaji. Mtu yeyote anayejua mbio alielewa palepale kilichotokea. Hakuhitaji kufundishwa kanuni.

Mwaka wake wa kwanza, 2001, alipata mipigo 242 iliyomfikisha besi, akaiba besi 56 (yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe), akachukua tuzo ya mchezaji bora wa Ligi ya Amerika pamoja na ile ya mchezaji mpya bora. Kabla yake ni Fred Lynn peke yake, mwaka 1975, aliyewahi kuzibeba zote mbili msimu mmoja. Mariners walishinda michezo 116 mwaka huo, sawa na rekodi ya Chicago Cubs ya mwaka 1906. Mwaka 2004 alifikisha mipigo 262, akaivunja rekodi ya George Sisler iliyokuwa imedumu tangu 1920. Misimu 10 mfululizo hakushuka chini ya mipigo 200, jambo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulifanya. Aliondoka hapa akiwa na mipigo 2,533 katika jezi yetu. Vijana wetu wanaosema tulimpenda kwa mazoea tu wazisome namba hizi polepole.

Lakini namba hizo hizo ndizo zinazotulazimisha kusema ukweli. Mwaka 2011 wastani wake wa kupiga ulishuka hadi .272, yaani mipigo 272 kwa kila majaribio 1,000, na kwa mara ya kwanza hakufika mipigo 200. Mwaka huu, katika michezo 95 aliyotuchezea, ulikuwa .261. Msimu ulifunguliwa vizuri kule Tokyo mwezi Machi, akapata mipigo minne mbele ya watu wa kwao, tukafurahi tukidhani mambo yamerudi. Hayakurudi. Kocha Eric Wedge alimpanga wa tatu katika orodha ya wapigaji, akamrudisha wa kwanza, akamshusha wa pili. Kila badiliko lilikuwa kumtafutia nafasi mtu mmoja, na waliobaki walipangwa kumzunguka. Katika timu iliyojaa vijana wa miaka 24 na 25, hilo lina gharama yake.

Yeye mwenyewe aliliona kabla yetu. Siku ya kuondoka aliwaeleza waandishi kwamba wakati wa mapumziko ya katikati ya msimu alitafakari, akaona timu ina vijana wengi, na kwamba hakustahili kuwamo mwaka ujao. Ni yeye aliyeomba kuhamishwa. Naomba tusilisahau hilo tunapolaumu. Hakufukuzwa, wala hakukimbia.

Baadhi yetu tulikuwa Safeco Field, uwanja wa nyumbani wa Mariners, jioni ile, kwa sababu bahati ilitaka Yankees wawe ndio wageni wetu siku hiyohiyo. Alibadilisha chumba cha kuvalia tu. Alitoka na jezi ya kijivu yenye namba 31, maana 51 aliyoizoea ilikuwa ya Bernie Williams na hakutaka kuigusa. Walimpanga wa nane. Alipofika kupiga mara ya kwanza uwanja mzima ulisimama, na makofi hayakuonyesha dalili ya kukatika. Alirudi nyuma hatua moja, akavua kofia ngumu, akainama kwa heshima, akageukia upande mwingine akainama tena. Mama mmoja wa chama chetu, ambaye huwa hapigi kelele hata tukishinda, alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Kisha Ichiro akavaa kofia, akanyoosha gongo lake kumwelekea mrushaji kama afanyavyo siku zote, akapiga mpira ukaangukia uwanja wa kati. Besi ya kwanza. Dakika chache baadaye akaiba ya pili. Dhidi yetu! Na watu wakashangilia.

Sisi tulipata warushaji wawili vijana, D.J. Mitchell na Danny Farquhar. Nimesikia mara nyingi neno “tumeibiwa”. Ndugu zangu, mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa msimu, na mshahara wake ulikuwa wa watu wachache sana katika ligi nzima. Hakuna klabu ingetoa hazina kwa miezi miwili na wiki moja ya mchezaji wa miaka 38. Kwamba huko New York alipiga kwa wastani wa .322 katika michezo 67, na kwamba mwezi huu wamempa mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 13, hilo ni la kumpongeza. Alizungukwa na wapigaji wakubwa, hakubeba timu peke yake. Halithibitishi kwamba angefanya hivyo hapa.

Katika mkutano wa Agosti mzee wetu mmoja wa kutoka Bukoba alitukumbusha kwamba mgomba ukishazaa hukatwa, ili machipukizi yaliyo shinani yapate jua. Dada mmoja akamjibu palepale: je, kama mwenye shamba hapalilii, machipukizi hayo yatafika wapi? Nimekaa na maswali yote mawili tangu siku ile, na naona la dada ndilo zito zaidi.

Kwa hiyo tuyaangalie machipukizi. Kyle Seager amepiga homurani 20, mipira ya kutoka nje ya uwanja, na kuleta mikimbio 86, yaani pointi, mwaka huu, kijana wa miaka 24 ambaye hakuna aliyemsubiri kwa matarumbeta. Dustin Ackley, ambaye tulimsubiri kwa matarumbeta, amepiga .226. Justin Smoak, tuliyempata kwa kumtoa Cliff Lee mwaka 2010, amepiga .217, na subira ya wanachama wengi juu yake imekwisha. Jesus Montero tulimpata Januari kwa kumtoa Michael Pineda, naye amepiga homurani 15. Si haba kwa mwaka wa kwanza kamili, ingawa hajaonyesha kwamba anaweza kukaa nyuma ya mpigaji kama mdakaji wa kudumu. Kwa jumla bado ndiyo timu iliyopata mikimbio michache kuliko zote katika Ligi ya Amerika. Tumeshinda michezo 75 na kupoteza 87. Mwaka jana tulishinda 67. Tumepanda, lakini bado tuko mkiani mwa kundi la Magharibi.

Upande wa kurusha ndiko kwenye furaha. Hisashi Iwakuma aliingia kikosi cha kuanza mwezi Julai akawa bora mno, na klabu imemwongezea miaka miwili. Na tarehe 15 Agosti, wiki tatu tu baada ya Ichiro kuondoka, Felix Hernandez aliwarushia Tampa Bay Rays mchezo kamili. Wapigaji 27, hakuna hata mmoja aliyegusa besi. Ulikuwa mchezo wa mchana, katikati ya wiki, na wengi wetu tulikuwa kazini. Waliokuwa kule wanasema kuanzia inningi ya saba kati ya tisa watu hawakuketi tena, na mpira wa mwisho kwa Sean Rodriguez uliposhuka na mwamuzi akatangaza strike ya tatu, inayomtoa mpigaji, Felix aliinua mikono yote miwili juu kabla ya mdakaji John Jaso kumfikia. Ushindi wenyewe ulikuwa 1 kwa 0, mkimbio mmoja, kama ilivyo desturi yetu. Ni mchezo kamili wa kwanza katika historia ya Mariners. Wanachama waliokuwa wakisema hawatarudi uwanjani bila Ichiro, naomba wajiulize kama mji ambao Felix yumo hauna tena cha kutazama. Ana miaka 26. Huyo ndiye wa kufungwa hapa kwa mkataba mrefu, na kama ningekuwa na dakika moja na viongozi wa klabu ningeitumia yote kusema hilo.

Nyuma yao wako Taijuan Walker, aliyetimiza miaka 20 Agosti, James Paxton, na Danny Hultzen. Yuko pia Mike Zunino, mdakaji aliyechaguliwa wa tatu katika usajili wa vijana wa Juni. Siahidi kitu. Hultzen alipopandishwa Tacoma, timu ya daraja la chini ya klabu yetu, alihangaika sana kuupata ukanda wa kurushia mpira, na mkono wa mrushaji ni kitu kinachoweza kuharibika kwa siku moja. Pineda tuliyemtoa hajarusha hata mchezo mmoja rasmi kwa Yankees kwa sababu ya bega.

Wanaosema kusuka kikosi upya ni hadithi ya kuwatuliza mashabiki, nawaomba waangalie Oakland. Wako kundi letu, mishahara yao ni midogo kuliko yetu, na majira ya baridi yaliyopita waliuza warushaji wao watatu wa kutegemewa, Gio Gonzalez, Trevor Cahill na Andrew Bailey. Mwaka huu wamewapanga wageni katika ligi msimu mzima, wakavumilia makosa yao, na tarehe 3 Oktoba, siku ya mwisho kabisa, wakawapiku Texas Rangers na kulichukua kundi kwa ushindi wa 94.

Ndiyo maana habari za Desemba zimenitia wasiwasi. Klabu imemtoa Jason Vargas na kumleta Kendrys Morales, mpigaji wa nguvu aliyebakiza mwaka mmoja wa mkataba. Sawa, nguvu tunaihitaji. Lakini imemleta pia Jason Bay, ambaye hajawa mzima kwa miaka mitatu, na imemrudisha Raul Ibañez mwenye umri wa miaka 40. Nampenda Raul kama mnavyompenda ninyi. Hata hivyo tumetoka kumwachia Chone Figgins, ambaye alipewa miaka minne na dola milioni 36 na akamaliza kwa .181, akilipwa mwaka mzima ujao ili asicheze kwetu. Kila mkongwe anayepangwa anakalia nafasi ya Michael Saunders au kijana mwingine aliyekuwa anaanza kujua kazi. Ichiro aliwaachia nafasi kwa hiari yake. Itakuwa ni kumvunjia heshima kuijaza nafasi hiyo na mtu mzee kuliko yeye.

Kamati ya utendaji imekubaliana nami kwamba tuandike barua kwa klabu kueleza hayo kwa adabu, na rasimu itasomwa mkutanoni. Tutaishukuru pia kwa uamuzi wa kusogeza kuta za uwanja ndani, maana upande wa kushoto kati zitaingia hadi futi 17, na wapigaji wetu vijana wamekuwa wakiona mipira mizuri ikifia kwenye hewa nzito ya bahari.

Mahudhurio ya wanachama yamepungua. Si sisi tu. Mwaka 2001 watu milioni 3.5 waliingia Safeco, mwaka huu ni milioni 1.7. Naelewa mwanachama anayesema tiketi ni ghali na timu haishindi. Kwa sababu hiyo tunapendekeza mwaka ujao nusu ya safari zetu ziwe Cheney Stadium, Tacoma, ambako tiketi ni nafuu, watoto wanakaa karibu na wachezaji, na huenda tukamwona Zunino kabla ya Seattle nzima. Safari za Safeco tutaendelea kukutana kituo cha treni cha Tukwila, kama kawaida.

Mwaka 2013 Houston Astros wanahamia kundi letu, na ndio tutakaowakaribisha katika mchezo wa kwanza wa nyumbani, tarehe 8 Aprili. Katibu anaandikisha majina ya wanaokwenda hadi mwisho wa Februari. Jezi za namba 51 zinaruhusiwa katika safari zote za chama. Niliulizwa, na hilo ndilo jibu la kamati. Uchaguzi wa katibu msaidizi utafanyika katika mkutano mkuu, na wanaotaka kugombea wapeleke majina yao kwa mzee wa nidhamu.

Wenu,
Mwenyekiti
Desemba 2012