Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Darasa Letu la Kiojibwe

Ndugu wanachama, boozhoo, yaani salamu kwa Kiojibwe.

Mwaka huu shughuli kubwa ya chama hapa Minneapolis, Marekani, ilikuwa darasa la Kiojibwe, lugha ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, na wengine bado mnaniuliza wazo hilo tulilitoa wapi. Kila siku tunavuka Mississippi kwenda kazini, na jina hilo limetokana na Kiojibwe: mto mkubwa. Tumekaa kwa wenyeji miaka yote hii hata hodi yao hatuijui.

Tulianza vibaya, na kosa ni langu. Niligawa majedwali ya vitenzi. Wiki ya nne tukabaki watatu na birika la chai. Bibi anayetufundisha, tunayemwita nookomis, yaani bibi yangu, akasema makaratasi yakae kando, akatuhamishia jikoni. Tangu hapo tunaongea kahawa, mvua, nani kaja na nani kachelewa. Kahawa ni makademashkikiwaaboo, maji meusi ya dawa. Neno refu, lakini asiyelitamka hamiminiwi. Theluji ikianguka unasema zoogipon, umemaliza.

Sisi Waswahili tuna bahati, maana ni- yao ni kama ni- yetu: niwaabamaa, namwona. Mtego uko kwenye "nakuona". Wote tulianza na ni-, kumbe ni giwaabamin: gi- ya wewe hutangulia hata anayeona akiwa mimi. Nookomis hakueleza kanuni. Alijifunika macho kwa kitambaa cha vyombo, na hakukiondoa mpaka mtu aseme sawasawa. Hakuna aliyesahau tena.

Jiwe, asin, wanaliweka kundi moja na watu na wanyama. Mzee wetu wa Tanga akauliza kama sasa tuseme "mawe wamelala". Halafu wana "sisi" mbili: giinawind, pamoja na wewe ninayeongea nawe, na niinawind, wewe haumo. Zingetufaa sana siku ile ya mjadala wa ada.

Kuhusu fedha: kwa desturi yao, anayemwomba mzee amfundishe humpa tumbaku. Baadhi yetu walisita kwa sababu za dini. Tuliongea, tukaelewana kwamba ni heshima, si uvutaji. Mhazini aliuliza iingie fungu gani. Tumeiandika takrima.

Ombi la kusimuliwa hadithi za kale mwezi Julai lilikataliwa. Hizo husimuliwa theluji ikiwa chini. Tungojee.

Watoto wao wengi walipelekwa shule za bweni ambako kuongea lugha ya nyumbani kulileta adhabu, ndiyo maana waliokulia ndani ya lugha hii sasa wengi ni wazee. Kwa hiyo naomba tusichelewe vikao. Asiyeweza kuja asikilize sauti za wazee kwenye kamusi ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Minnesota, ni bure.

Na aliyeondoka na birika la chama kikao cha mwisho, alirudishe.

Mwenyekiti