Malalamiko kuhusu Pedali ya Klachi Iliyobaki Laini baada ya Matengenezo

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Matengenezo ya Magari.

Ndugu Meneja,

YAH: KUBADILISHIWA KLACHI NZIMA BILA MFUMO WA MAFUTA KUKAGULIWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilileta gari langu kwenye gereji yenu kwa tatizo moja tu. Pedali ya klachi ilikuwa imelegea, ikishuka hadi karibu na sakafu bila kuupa mguu upinzani wowote, na gia ya kwanza na ya rivasi zilikuwa zinagoma kuingia wakati injini inawaka. Gari lilikaa kwenu siku tatu. Siku ya kulichukua nilikabidhiwa ankara inayoonyesha kwamba mmebadilisha pleti ya klachi, presha pleti (kifaa chenye springi kinachoibana pleti hiyo) na beringi yake, kazi iliyolazimu giaboksi kushushwa, nami nikalipa yote bila kubishana kwa kuwa niliamini kuwa mmepima kabla ya kufungua.

Siku ya nne nilikuwa nimesimama kwenye taa za barabarani, gia ya kwanza ikiwa imeingia na klachi nimeikanyaga, pedali ikaanza kuzama polepole chini ya mguu wangu. Gari likaanza kusogea lenyewe kuelekea kwa watu waliokuwa wakivuka mbele yangu. Nililizuia kwa breki mpaka injini ikazimika, na namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeguswa. Nilipopiga simu kwenu nilijibiwa kwamba klachi mpya huchukua muda kuzoea. Jibu hilo silikubali, na ndilo lililonifanya niandike barua hii. Ni kweli kwamba pleti mpya huhitaji muda kidogo ili uso wake ukae sawa, lakini hali hiyo huonekana katika namna klachi inavyoshika na kuachia. Haiwezi kuifanya pedali izame huku mguu umetulia.

Klachi ya gari langu huendeshwa kwa mafuta ya breki. Mguu unasukuma pistoni ya silinda ya juu, yaani masta, mafuta yanapita kwenye paipu hadi silinda ya chini iliyo ubavuni mwa giaboksi, nayo inasukuma mkono unaoitenganisha klachi na injini. Mafuta hayabonyei, na kwa hiyo pedali ikilegea ni lazima kuna hewa iliyoingia njiani, au mafuta yanapenya mahali, au mpira wa paipu unavimba kila unapopata shinikizo. Pleti iliyochakaa huwa na dalili nyingine kabisa: injini inapandisha mizunguko lakini mwendo hauongezeki, hasa kwenye mlima au gari likiwa na mzigo. Gari langu halikuwa na dalili hiyo hata siku moja, na nilimweleza hivyo mpokeaji wenu, ambaye aliandika maelezo yangu kwenye kadi ya kazi.

Nilimweleza pia kwamba nilikuwa nimeongeza mafuta kwenye kopo linalohifadhi mafuta ya klachi mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Taarifa hiyo peke yake ilitosha kuwaelekeza mafundi wenu mahali pa kuanzia. Katika mfumo wa aina hii, pleti inapoliwa, vidole vya springi ya presha pleti huirudisha nyuma pistoni ya silinda ya chini, na mafuta kidogo hurudi kwenye kopo. Kuchakaa kwa pleti hakuwezi kuyapunguza mafuta hayo, kinyume na pedi za breki, ambazo zikiisha kina cha kopo hushuka. Kwenye gari langu klachi na breki zinatumia kopo moja, nami nashindwa kuelewa jinsi fundi anavyoweza kusikia kwamba kopo hilo linapungua kisha asitafute yanakokwenda.

Baada ya tukio lile nilimwomba fundi mwingine alikague gari, nami nikiwa nimesimama pembeni. Kwanza alikanyaga pedali mara tano kwa haraka. Ikapanda na kuwa ngumu, na gia ya rivasi ikaingia bila kelele. Kisha akaikanyaga na kuishikilia kwa nguvu ileile, nayo ikashuka taratibu hadi sakafuni kabla nusu dakika haijatimia. Alifunua kifuniko cha vumbi cha silinda ya chini, kulikuwa kukavu. Akaubana kwa uangalifu mpira wa paipu karibu na silinda hiyo na kujaribu tena, pedali ikazama vilevile, jambo lililoondoa shaka juu ya sehemu yote ya chini. Mwisho aliingiza mkono chini ya dashibodi, akapapasa fimbo inayotoka kwenye pedali kuingia masta, na vidole vyake vikatoka vimelowa mafuta meusi. Mipira ya ndani ya masta silinda imekufa. Ukaguzi huo wote ulichukua chini ya saa moja, na hakuna nati hata moja ya giaboksi iliyoguswa.

Kufa kwa mipira hiyo nako kuna maelezo yake. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 hunyonya unyevu kutoka hewani, unyevu huo husababisha kutu ndani ya silinda, na ukuta uliokwaruzika hukata mipira. Ndiyo maana kwa magari mengi hushauriwa yabadilishwe kila baada ya takriban miaka 2. Kijitabu changu cha matengenezo kina mihuri yenu ya miaka 4 mfululizo, wala hakuna mstari unaotaja kubadilishwa kwa mafuta hayo.

Naomba mambo yafuatayo. Mbadilishe masta silinda, mmwage mafuta yote ya zamani na kutoa upepo kwenye mfumo mzima bila kunitoza gharama ya ufundi. Kifaa chenyewe nitakilipia. Mnirudishie fedha za pleti, presha pleti, beringi na kazi ya kushusha giaboksi. Endapo mnaamini kwamba pleti ya zamani ilikuwa imefikia mwisho, nionyesheni pleti hiyo ipimwe unene mbele yangu, na ikithibitika kuwa imeisha nitaondoa dai hilo, kwa kuwa sitaki kurudishiwa kisicho haki yangu. Tena naomba maelezo ya maandishi kuhusu vipimo vilivyofanywa kabla ya giaboksi kushushwa, kwani kwenye kadi ya kazi niliyopewa nafasi ya vipimo iko wazi.

Natarajia majibu yenu ndani ya siku 14. Gari nimeliegesha na sitaliendesha tena likiwa katika hali hii; mtakapokuwa tayari kulipokea, tumeni gari la kulivuta, na fundi atakayekuja asijaribu kuliendesha barabarani.

Wenu mwaminifu,

Mteja, mwenye gari.