Barua kwa mwanangu anayempenda mtu wa mbali

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Salamu zako zimefika. Baba yako hajambo, ila goti humsumbua mvua zikianza.

Unasema huyo kijana anachimba dhahabu Geita, nawe unaogopa kuolewa na mtu utakayemkumbuka zaidi ya utakavyomwona. Tena unauliza kama mimi na baba yako tulipendana, maana hujawahi kutusikia tukisema.

Tulipendana, na hadi leo tunapendana.

Nilipoolewa, baba yako alikuwa kwenye genge la reli ya TAZARA, kambi yake Uchindile, nami nikiuza wali hapa stesheni Mlimba. Kipande cha kutoka hapa kupanda Makambako ndicho kilichowatoa jasho wajenzi miaka ile ya 1970 hadi 1975: mahandaki, madaraja, milima inayoporomoka. Masika udongo ukishuka relini, treni hulala njiani, nasi wake wa wafanyakazi hukosa habari. Simu hatukuwa nazo. Nilikuwa nanunua kadi ya salamu, naipeleka posta, inasomwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Ujumbe wangu ulikuwa ule ule: mvua ni nyingi, chunga miguu. Wenzake kambini walimtania, lakini redio ya genge ikiwashwa saa ya salamu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisogelea.

Naye hakuwa mtu wa maneno. Siku moja mfanyakazi wa treni alinishushia furushi dirishani, limefungwa kwa gazeti. Ndani doti ya khanga, inanuka dizeli. Niliivaa hivyo hivyo, sikuifua.

Kumkumbuka mtu hakumaanishi umekosea kuchagua. Mimi nilimkumbuka baba yako hata usiku aliolala nyumbani, kwa kuwa nilijua asubuhi anapanda tena. Yaliniuma, sikufichi, hasa ulipokuwa mchanga na homa zako zile. Lakini sikuwahi kujiona niko peke yangu.

Ndoto zetu nyingi zilibaki njiani. Mimi nilitaka ualimu, nikaishia darasa la saba. Hiyo ni yangu, sitaki uibebe wewe. Baba yako alitaka kuipanda treni kama abiria, mpaka mwisho wa reli, New Kapiri Mposhi kule Zambia. Reli yote ni kilomita 1,860, na yeye kipande chake anakijua taruma kwa taruma, lakini Tunduma hajaivuka. Usiku honi ikilia bado anageuza kichwa. Namwambia twende, anasema mwakani tukishavuna mpunga. Safari hii pesa ya tiketi nimeiweka mimi, na hajui.

Sasa huyo kijana. Umbali usikutishe sana. Wewe tazama hili: akipiga simu, anauliza habari zako na kukumbuka ulichomwambia juzi, au anakupa zake tu? Siku hizi mtu anaweza kupiga kila siku na asikusikie hata mara moja. Nijibu hilo kabla ya mengine.

Jibu likiwa zuri, mwambie alete mshenga baada ya mavuno. Naye mwenyewe afike, maana baba yako aliyafanyia kazi mahandaki na ana maswali mengi juu ya usalama huko chini. Ajibu bila haraka, mzee hapendi kukatishwa.

Mchele wako uko tayari, tuma mtu auchukue.

Mama yako,
Mlimba