Kifungu cha saba kiondoke

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini u mzima, wewe na wote ulio nao. Barua yako nimeipata pamoja na rasimu ya leseni uliyoiambatisha, na kwa kuwa umenisihi nikueleze ninachokifikiri bila kukuficha, nitaanza na lile lililonisumbua zaidi: kifungu cha saba kiondoke. Ndicho kinachosema kwamba kila mtu anaruhusiwa kuitumia programu yako, kuinakili na kuibadilisha, isipokuwa kampuni inayotafuta faida. Hofu iliyokufanya ukiandike naielewa vizuri. Programu hii ya kuhifadhi nyaraka na kuzitafuta umeijenga kwa jasho lako, na hutaki siku moja ukute tajiri fulani ameiweka kwenye seva zake, anawatoza watu ada ya kila mwezi, na maboresho yote aliyoyafanya ameyafungia ndani. Hofu hiyo ni ya haki. Dawa uliyoichagua ndiyo isiyofaa.

Programu yenye kifungu cha namna hiyo haihesabiwi kuwa programu huria, yaani ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza, hata kama msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) uko wazi kwa kila mwenye macho. Open Source Initiative, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1998, inaipima leseni kwa masharti 10, na mawili kati yake yanakataza ubaguzi: la kwanza ubaguzi wa watu na vikundi, la pili ubaguzi wa kazi ambayo programu itatumiwa, na katika hilo la pili biashara imetajwa waziwazi. Lakini hata tukiiacha hiyo taasisi kando, jiulize neno "faida" litapimwaje. Chuo kinachotoza karo kimo au hakimo? Shirika la hisani linalouza mafunzo ili lijiendeshe? Fundi anayelipwa na hospitali ili aifunge programu yako na kuitunza? Wewe unawakubali hao wote, umeniambia hivyo mwenyewe, lakini wakili wao hakujui. Atakisoma kifungu, ataona shaka, na atawashauri watafute programu nyingine. Leseni iliyoambatana na msimbo wa JSON, mtindo wa kuandika data, ilikuwa na sentensi moja tu ya nyongeza, kwamba programu itumike kwa wema na si kwa uovu, na sentensi hiyo iliyoonekana kuwa ya heri ilitosha kuwafanya Debian, mradi wa kutengeneza mfumo endeshi huria, na Free Software Foundation, taasisi inayotetea programu huria, waihesabu kuwa si huria.

Jambo lililonishangaza ni kwamba rasimu yako, pamoja na urefu wake wote, haikugusia dhamana. Leseni zote zinazotumika sana, kuanzia ile fupi ya MIT hadi GPL yenye kurasa nyingi, zinatamka kwamba programu inatolewa kama ilivyo na kwamba mwandishi hawajibiki kwa hasara itakayotokea. Hiyo ndiyo sehemu inayokulinda wewe hasa, na umeiacha. Ndiyo maana nakusihi usijitungie leseni, bali uchague mojawapo ya zile ambazo mawakili wamekwisha kuzisoma mara nyingi, na uichukue neno kwa neno.

Sasa nije kwenye hofu yako yenyewe. GPL, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1991 na ndilo linalotawala kiini cha mfumo endeshi wa Linux hadi leo, humtaka yeyote anayesambaza programu, iwe ameibadilisha au la, aitoe pamoja na msimbo wake chanzo na chini ya masharti yale yale aliyoyapokea. Hapo ungedhani umepona. Kumbuka tu kwamba sharti hilo huamka pale programu inaposambazwa, yaani nakala inapotoka mkononi mwa mmoja kwenda kwa mwingine. Tajiri wako hatamkabidhi mtu nakala yoyote; ataiendesha kwenye seva yake, na wateja wataifikia kwa kivinjari. Kwa GPL ya kawaida, toleo la pili na hata la tatu la mwaka 2007, hadaiwi kitu. Pengo hilo ndilo lililozaa AGPL, leseni ndugu ya GPL, ambayo toleo lake la tatu lilitoka Novemba 2007. Kifungu chake cha 13 kinasema kwamba aliyeibadilisha programu, na watu wakaitumia kupitia mtandao, ni lazima awape watumiaji hao nafasi ya kuupata msimbo wa toleo hilo lililobadilishwa bila malipo. Hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta ulipoandika kifungu cha saba.

Usijidanganye, hata hivyo, kwamba AGPL inazuia biashara. Haizuii. Tajiri anaweza kuiendesha programu yako na kutoza ada anayoitaka. Akiiendesha bila kugusa hata mstari mmoja, kifungu hicho cha 13 hakimgusi. Inachokizuia ni yeye kuyafungia maboresho. Ukiona hilo halikutoshi, basi tatizo lako si leseni, na ni afadhali ukiri kwamba hutaki programu huria, jambo ambalo si dhambi. Jua pia kwamba AGPL ina gharama yake: Google, kwa mfano, imechapisha sera inayokataza msimbo wa leseni hiyo kutumika katika kazi zake, na si kampuni pekee yenye msimamo huo. Kwa programu kama yako sioni hasara kubwa, kwa sababu unaowalenga ni watakaoiendesha nzima nzima kwenye seva zao.

Ile maktaba ya msimbo inayosoma miundo ya faili ni habari nyingine. Umesema ungependa wengine waichomoe na kuitia ndani ya programu zao wenyewe, na kwa lengo hilo AGPL itawafukuza. Itenge, uipe leseni ya Apache toleo la 2.0 la mwaka 2004. MIT na BSD zingefaa pia, lakini Apache inatamka waziwazi kwamba kila mchangiaji anatoa ruhusa ya hataza zake (haki za kisheria juu ya uvumbuzi) zinazohusu mchango wake, na kwamba anayefungua kesi ya hataza kuhusu kazi hiyo hupoteza ruhusa ya hataza aliyopewa. MIT haisemi neno hilo. Msimbo wa Apache 2.0 unaweza kuingizwa ndani ya kazi ya AGPL toleo la tatu bila mgongano, kwa hiyo utaendelea kuutumia mwenyewe kama kawaida.

Kuna mgongano mmoja lakini, nao nimeuona nilipofungua folda ya vitegemezi, yaani msimbo wa watu wengine ambao programu yako inautegemea. Ile maktaba ndogo inayochambua tarehe iko chini ya GPL toleo la 2 pekee. Yale maneno ya kuruhusu matoleo ya baadaye hayamo. Toleo la 2 pekee halipatani na AGPL toleo la 3, wala na Apache 2.0, kwa hiyo huwezi kuziunganisha katika programu moja na kuisambaza. Mwandikie mwenye nayo, umwombe aongeze maneno hayo. Wengi huyaacha kwa kutojua tu.

Kuhusu wale wawili waliokutumia viraka, yaani marekebisho ya msimbo, fahamu kwamba hakimiliki ya walichokiandika ni yao. Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa kuhusu hakimiliki, haki hiyo humwangukia mwandishi papo hapo bila kusajili chochote, na kukutumia kiraka si kukuhamishia. Kabla hujatangaza leseni yoyote waandikie, na majibu yao uyahifadhi. Leo ni wawili. Waliotaka kuibadilisha leseni ya kiini cha VLC, programu ya kuchezea video, kutoka GPL kwenda LGPL, ndugu yake yenye masharti mepesi zaidi, walilazimika kuwasaka wachangiaji wengi mmoja mmoja.

Umeniuliza kama uwafanye wachangiaji watie sahihi mkataba wa kukupa mamlaka ya kubadilisha leseni baadaye. Mimi nasema hapana. Mikataba ya aina hiyo ndiyo iliyoziwezesha kampuni za Elastic mwaka 2021 na HashiCorp mwaka 2023 kuzihamisha programu zao kutoka leseni huria kwenda kwenye leseni zenye vizuizi, na matokeo yake ni kwamba wengine walichukua msimbo wa mwisho uliokuwa huria wakaanzisha miradi huria ya OpenSearch na OpenTofu. Ukiomba mamlaka hayo, mchangiaji makini atajiuliza unayatakia nini. Fuata utaratibu wa kiini cha Linux, ambako kila mchangiaji huweka mstari wa sahihi mwishoni mwa maelezo ya badiliko lake, kuthibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo chini ya leseni iliyopo.

Na kama unahofu kwamba maneno haya yote ni karatasi tupu, isome kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer. Mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua mwaka 2008, katika mzozo uliohusu programu ya kuendeshea treni za mfano, kwamba masharti ya leseni huria yanaweza kudaiwa kwa sheria ya hakimiliki.

Kazi iliyobaki ni ndogo. Matini kamili ya AGPL iweke katika faili moja juu kabisa ya mradi, ya Apache ndani ya folda ya maktaba, na mwanzoni mwa kila faili la programu uweke mstari SPDX-License-Identifier: AGPL-3.0-or-later, ili hata mashine iitambue leseni bila kubahatisha. Jina la programu uliache nje ya haya. Hilo ni suala la alama ya biashara, na tutalizungumza siku nyingine.

Ukipata jibu la mwenye maktaba ya tarehe, nijulishe upesi. Akikataa, itabidi sehemu hiyo iandikwe upya bila kuuchungulia msimbo wake, na kwa kuwa mimi nimekwisha kuusoma, itakubidi utafute mtu mwingine wa kukusaidia.

Wako akupendaye.